Chuma Kambini: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu vyombo vya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu: kikaango kizito cha chuma kitupu, na chungu cha mfuniko mzito kinachokaa juu ya makaa na kupaliwa makaa mengine juu. Zisome zote hata kama swali lako ni moja, kwa sababu shida nyingi zilizoletwa zina mzizi mmoja. Mtu amezoea sufuria ya alumini, na anachoifanyia sufuria ndicho anachokifanyia chuma. Alumini inavumilia kulowekwa usiku kucha, kusuguliwa kwa majivu na kumwagiwa maji baridi ingali ya moto. Chuma hakivumilii hata moja kati ya hayo.

Ni chuma kweli?

*Nimenunua chungu cheusi cha miguu mitatu. Muuzaji alisema ni chuma na kwamba naweza kukipikia siku hiyohiyo. Ngozi yake inakwaruza mkono. Nikipige msasa kwanza? Na hiyo kazi ya kukichoma mafuta inafanywaje kwa mtu asiye na oveni?* (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Anza na sumaku. Hata ya spika mbovu inatosha. Ikinata imara kwenye tumbo la chungu na kwenye mfuniko, ni chuma. Isiponata, umeuziwa alumini ya kusubu iliyopakwa rangi nyeusi, na maelezo yanayofuata hayakuhusu. Uzito nao unasema: chungu cha chuma cha lita 6 hivi, pamoja na mfuniko wake, hufika kilo 8 au 9, ilhali cha alumini cha unene uleule hakizidi sana theluthi ya hapo. Kisha kining'inize kwa mpini wake na ukigonge kwa mwiko. Mlio mrefu ni dalili njema. Mlio mfupi uliokufa ni dalili ya ufa, hata kama huuoni.

Huo ukwaruzo si kasoro, ni alama ya mchanga. Vyungu vya namna hii humiminwa kwenye kalibu za mchanga, njia ambayo Abraham Darby wa Uingereza alipewa hataza yake mwaka 1707, na punje za mchanga huacha alama juu ya chuma. Msasa hauhitajiki. Ukwaruzo huo unausaidia utando wa mafuta, yaani ganda jembamba la mafuta yaliyochomewa juu ya chuma, kushika, na matumizi yataulainisha.

Usikipikie siku hiyohiyo, isipokuwa kama kimeandikwa wazi kuwa kimeshachomwa mafuta kiwandani. Vyungu vingi hupakwa nta au mafuta ya kuzuia kutu yasiyo ya kuliwa. Osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi, mara mbili, ndani na nje, kisha kikaushe motoni.

Sasa utando. Washa jiko kubwa la mkaa, usubiri moshi uishe na makaa yavae majivu meupe. Pasha chungu kitupu taratibu kwa dakika 10. Mimina vijiko viwili vya chai vya mafuta ya alizeti (kijiko kimoja kwa kikaango cha sentimita 25) na ukipake chote kwa kitambaa cha pamba: ndani, nje, mfuniko, mpini na miguu. Halafu chukua kitambaa kingine kikavu uyafute yote. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana wanaona hasara kufuta mafuta waliyoyapaka. Ukipitisha karatasi, itoke na doa hafifu tu. Kipindue kifudifudi juu ya nondo mbili au wavu wa kuchomea nyama, ukifunike kwa karai au sufuria kuukuu, ukiache saa nzima. Usifunike kwa kipande cha bati la kuezekea: zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Mwanzoni kitatoa moshi, kisha moshi utakoma. Kiache kipoe chenyewe, urudie mara tatu. Kitatoka na rangi ya kahawia yenye mabaka, na hiyo ni sawa; weusi unakuja na mapishi.

Kwa nini alizeti? Kwa sababu mafuta yake, yakipata joto na hewa, chembe zake hushikana na kuwa ganda gumu. Mafuta ya mahindi pia yanafaa. Samli, mafuta ya nazi na mawese hayashikani vizuri na huacha unato. Chagua alizeti iliyochujwa; ile yenye machicha chini ya chupa inaacha vijipunje vinavyoungua.

Kinanata kama kimemwagikiwa asali

*Niko na kikaango nilichopaka mafuta mengi ndiyo yashike vizuri. Sasa kinanata na vumbi lote la kambi linabaki juu yake. Nianze upya?* (Msomaji, Nakuru)

La, hujaharibu kitu. Mafuta yalikuwa mengi kuliko joto lililokuwepo, yakaiva juu yakabaki mabichi chini. Ondoa vumbi kwa maji ya moto na brashi, kikaushe, kisha kirudishe kifudifudi juu ya makaa kwa saa nzima bila kuongeza hata tone. Kikibaki na matone magumu sehemu fulani, yakwangue kwa chumvi ya mawe na kitambaa. Siku nyingine, tando tatu nyembamba zinashinda moja nene.

Kutu ya usiku mmoja

*Tulipiga kambi ufukweni Bagamoyo. Jioni tuliosha vikaango baharini, tukaviacha juu ya meza. Asubuhi vilikuwa vya rangi ya chungwa. Je, vimekufa?* (Kikundi cha vijana, Kibaha)

Havijafa. Maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji matamu, na chumvi ikibaki juu ya chuma inaendelea kuvuta unyevu wa hewa hata baada ya maji kukauka. Ongeza umande wa pwani, usiku mmoja unatosha. Msioshe chuma kwa maji ya bahari. Kama maji matamu ni ya kunywa tu, ni afadhali kukifuta kwa karatasi na kukiacha na mafuta yake hadi mrudi nyumbani.

Pangusa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta. Ikiwa kitambaa kinatoka na vumbi la kahawia na chini yake utando mweusi bado upo, tiba ni nyepesi: vijiko viwili vya chumvi ya mawe, kijiko kimoja cha mafuta, sugua, futa, pasha moto dakika 5, pangusa mafuta kidogo. Basi.

Ikiwa kutu imekula hadi chuma cha kijivu, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, mkizamishe chombo chote kwa dakika 30, kisha msugue kwa stilwaya. Kutu ikibaki, kirudisheni dakika 30 nyingine. Msikilaze humo usiku kucha: siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, na mtatoa kikaango chenye vishimo. Suuzeni kwa lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha magadi ya kuokea ili ukali wa siki uishe, kisha maji safi, kisha moja kwa moja motoni. Hapa mtashangaa: chuma kilichosafishwa hivyo kinaanza kugeuka rangi ya chungwa ndani ya dakika chache mbele ya macho yenu. Kifuteni papo hapo kwa kitambaa chenye mafuta, mfuate hatua za utando tulizompa msomaji wa Tabata.

Kwa anayeishi pwani, kitunze chungu mfuniko ukiwa umekaa upande au umetenganishwa kwa gazeti lililokunjwa, na gazeti jingine ndani la kunywa unyevu. Kisifungwe ndani ya plastiki. Mifuko yenyewe ya plastiki Tanzania iliipiga marufuku tangu 1 Juni 2019 na Kenya tangu Agosti 2017, lakini hata isingekuwa marufuku, chuma kilichofungwa humo hutoa jasho. Gunia au khanga kuukuu inafaa zaidi. Na kama chombo kitakaa miezi bila kutumika, kisipakwe mafuta ya kulowa; yatavunda, na harufu yake itaingia kwenye pilau ya kwanza.

Majivu, mchanga na sabuni

*Mimi ni mpishi wa safari. Maji porini ni ya kubeba kwa madumu, hivyo vyombo tunasugua kwa majivu na mchanga. Sufuria zinang'aa, ila kikaango cha chuma kila baada ya safari kimekuwa cha kijivu na mayai yananata. Bosi anasema sabuni ndiyo mbaya, mimi sabuni hata situmii.* (Msomaji, Karatu)

Kaka mpishi, bosi anamsingizia asiyehusika. Mhalifu ni majivu. Majivu yakikutana na maji hutoa magadi, yale yale yanayochujwa vijijini kulainishia maharage na mboga. Magadi yakikutana na mafuta hutengeneza sabuni. Utando wa chuma asili yake ni mafuta. Kila unaposugua kwa majivu mabichi, unaugeuza sabuni na kuumwaga. Mchanga unamalizia kilichobaki kwa kukwaruza. Kwa sababu hiyohiyo, maharage au kande zinazochemshwa kwa magadi zipikie kwenye sufuria.

Njia ya porini inayotumia kikombe kimoja tu cha maji ni hii. Ukishapakua, usisubiri chakula kikauke. Kikaango kingali cha moto, mimina kikombe cha maji yanayochemka (yasiwe ya baridi), kirudishe juu ya makaa dakika mbili, ukwangue kwa ncha bapa ya mwiko wa mbao. Ukoko utaachia wenyewe. Mwaga kwenye shimo la taka, futa kwa kitambaa, kirudishe motoni hadi kikauke kabisa, kama dakika 3 hadi 5, kisha mafuta nusu kijiko cha chai, paka, futa. Kama kuna kilichong'ang'ania, chumvi ya mawe na mafuta.

Nje acha masizi yalivyo. Ile desturi ya kupaka sufuria sabuni au udongo kabla ya kuni ni ya alumini. Chungu cha chuma pangusa tu masizi yanayotoka mkononi, yaliyobaki yameshakuwa sehemu ya ngozi.

Kuhusu sabuni: ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache, haidhuru utando ulioiva. Hofu ya sabuni ilitoka enzi za sabuni zenye soda kali ya kubaki. Kwa hiyo sabuni ya mche ya kienyeji, ambayo huenda soda yake ilizidi, na sabuni ya unga ya kufulia, ziache zifanye kazi yake ya nguo.

Makaa mangapi juu, mangapi chini?

*Assalaam alaykum. Kwetu wali ulipaliwa kwa makaa ya vifuu, hilo nalijua. Nataka kuchukua chungu cha chuma kwenda nacho Shimba Hills na familia na kuoka mkate wa kumimina humohumo. Nyumbani natumia oveni. Nipime vipi moto?* (Mama wa watoto wanne, Mombasa)

Wa alaykum salaam, mama. Anayejua kupalia wali ameshajua nusu ya kazi. Kilichobaki ni hesabu na kutazama mfuniko.

Mfuniko kwanza. Uwe bapa na wenye ukingo unaozunguka, makaa yasidondoke. Vyungu vya miguu mitatu vya Kusini mwa Afrika, vyenye tumbo la duara, kwa kawaida vina mfuniko wa mgongo, na vimekusudiwa mchuzi na nyama ya kuchemka polepole, si kuoka. Unachotaka wewe ni chungu cha kitako bapa. Kama hakina vijiguu, kiinue kwa vijiwe vitatu ili makaa yapate hewa. Vijiwe visitoke mtoni: vina maji ndani, na vikipata moto huweza kupasuka na kurusha vipande.

Hesabu ya kuoka ni hii: theluthi mbili ya makaa juu, theluthi moja chini. Chini moto unagusa chakula moja kwa moja kupitia chuma, ilhali juu kuna nafasi ya hewa. Ukitumia briketi (makaa ya kushindiliwa) zilizolingana, chungu cha kipenyo cha sentimita 25 kinahitaji 14 juu na 7 chini kufika nyuzi 175. Cha sentimita 30, 17 juu na 8 chini. Kwa mkate wa ngano unaotaka nyuzi 220 hivi, cha sentimita 25 kiwekee 18 juu na 9 chini. Makaa ya chini yapange kwa duara kufuata ukingo wa kitako, usirundike katikati, kwa sababu chuma husambaza joto taratibu na katikati pataungua mapema.

Mkaa wa kawaida haulingani. Chagua vipande vya ukubwa wa yai, uhesabu vivyo hivyo, ila uwe na jiko la pembeni lenye makaa ya akiba, maana huu huisha upesi kuliko briketi. Baada ya dakika 20 utakuwa unaongeza. Vifuu vinawaka kwa nguvu na kuisha haraka zaidi. Ni vizuri kwa kumalizia rangi ya juu, si kwa kuivisha.

Mkate wenyewe: mchele vikombe 2 uliolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki nusu kijiko, ute wa yai moja. Saga hadi uji uwe laini kabisa. Acha uumuke, saa moja hivi kwa joto la Mombasa, na Shimba Hills iongezee kidogo kwa sababu kuna ubaridi. Wakati unaumuka, pasha chungu na mfuniko wake. Mimina vijiko viwili vya mafuta, zungusha yapande pembeni, kisha umimine uji. Unapaswa kusikia mchirizo pembeni. Usiposikia, chungu hakijapata moto na mkate utashika. Funika, palia.

Kila dakika 10, zungusha chungu robo mzunguko kulia na mfuniko robo mzunguko kushoto. Upepo hupuliza upande mmoja, na bila kuzungusha utapata nusu iliyoungua na nusu mbichi. Usifunue kabla ya dakika 25. Ukifunua, inua mfuniko ukiwa sawa kama sinia, majivu yasimwagikie mkate, na uuweke juu ya jiwe kavu, si kwenye majani mabichi. Dakika 35 hadi 40 kwa kawaida inatosha. Chini ikianza kunukia mapema, ondoa makaa yote ya chini. Chuma kilichokwisha kunywa moto kitamalizia chenyewe.

Hilo la mwisho lishike hata kwa wali. Kwenye sufuria unautoa wali ulipokauka. Kwenye chuma utoe moto wa chini maji yakiwa bado yanachungulia, la sivyo utakula ukoko.

Ndizi nyeusi

*Nilipikia ndizi mbichi kwenye chungu cha chuma, zikatoka nyeusi ti. Mchuzi wa nyanya nao ulikuwa na ladha ya msumari. Ni sumu?* (Msomaji, Bukoba)

Si sumu. Ndizi mbichi zina tanini, ile ile inayouacha utomvu wake ukichafua kisu na mikono, na tanini ikikutana na chuma hufanya rangi nyeusi. Chai nayo ina tanini, kwa hiyo usichemshie chai kwenye chungu hiki. Ukikipikia ndizi ukiwa kambini na chombo ni hicho kimoja, zikaange kwanza kwa mafuta, na maji yaingie baadaye.

Nyanya ni habari nyingine. Uchachu wake, kama ule wa ukwaju, ndimu na siki, huyeyusha chuma kidogo na kulegeza utando. Chungu kilichopikiwa miezi mingi kinabeba nyanya kwa dakika 15 au 20 bila tatizo. Kipya kisiguswe nazo. Ukwaju na ndimu zitiwe mwishoni, chungu kikishatoka motoni, na mchuzi upakuliwe wote. Chakula kisilale ndani ya chuma, hata kama ni kitamu kiasi gani.

Madini ya chuma yanayoingia kwenye chakula kwa watu wengi hayana ubaya, na kwa wenye upungufu wa damu ni nyongeza. Ila mwenye selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara huweza kuwa na chuma nyingi mwilini tayari. Huyo aulize daktari wake kabla ya kukifanya chungu hiki kuwa cha kila siku.

Chungu juu ya meko

*Camping yetu ni Naivasha na hatutaki moshi. Chungu cha chuma kinaweza kukaa juu ya meko ya kilo 6? Na je, zile gesi ndogo za kopo?* (Msomaji, Nairobi)

Juu ya meko, yaani jiko lililokazwa juu ya mtungi wa gesi, kikaango ndiyo, chungu kikubwa hapana. Chungu cha kilo 9 chenye lita 5 za mchuzi ni kilo 14 juu ya mtungi ambao, gesi ikikaribia kuisha, ni mwepesi kuliko hicho kilichokaa juu yake. Mtoto akipita na kugusa, mnamwagikiwa. Nunueni jiko la gesi la kukaa chini lenye bomba lake, mtungi ukae pembeni.

Juu ya gesi ya kopo, ambapo jiko limekazwa moja kwa moja kwenye kopo, msiweke chuma kipana kabisa. Kikaango kikipita ukubwa wa miguu ya jiko kinarudisha joto chini, na kopo la gesi halipaswi kupata moto. Msizungushie pia kizuizi cha upepo pande zote. Kopo likiwa la joto mkononi, zimeni.

Hata kwenye jiko sahihi, anzeni na moto mdogo kwa dakika 7 au 8. Alumini hupitisha joto kama mara nne kuliko chuma cha kusubu. Mwali mkali wa gesi unapiga sehemu ndogo ya katikati, yai linaungua hapo na kubaki bichi pembeni. Tone la maji likiruka na kucheza juu ya kikaango, tieni mafuta. Likitulia na kuchemka taratibu, bado. Mafuta yakitoa moshi mara tu yanapogusa, mmepitiliza. Ondoeni dakika mbili.

Kilimanjaro

*Tunapanda kwa njia ya Marangu. Nimependekeza tubebe chungu cha chuma ili maharage yaive Horombo. Wenzangu wanacheka.* (Msomaji, Moshi)

Wana haki ya kucheka. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na hicho chungu kinakula karibu nusu. Kuni na mkaa haziruhusiwi mlimani, mapishi ni ya gesi. Na hata ungekifikisha, Horombo iko mita 3,720, maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, na mfuniko mzito si presha kuka. Maharage yapikwe Moshi.

Ufa

*Chungu kilikuwa kimekauka motoni, dada akatia maji ya mtungi. Kikalia "ta!" na sasa kinavuja. Fundi wa kuchomelea mageti anasema ataziba kwa elfu kumi.* (Msomaji, Iringa)

Okoa hiyo elfu kumi. Chuma cha kusubu kina kaboni zaidi ya asilimia 2, ndiyo maana ni kigumu lakini hakipindi. Maji baridi yalipogusa ndani, ndani ikajikunyata huku nje ikiwa bado imetanuka, na kisichopinda hupasuka. Fundi akikichomelea kwa vijiti vya kawaida vya geti, sehemu ya kando ya weldi inakuwa ngumu na dhaifu zaidi, na itapasuka hapohapo pembeni, pengine kabla hajaondoka. Kazi hiyo inataka vijiti vya nikeli, chungu kizima kipashwe moto kwanza na kipoozwe polepole sana, na hata hivyo ni kwa mashine, si kwa kitu kitakachopanda moto na kupoa kila siku. Gundi za kuzibia injini si za chakula. Mfuniko wake, kama ni bapa na mzima, bado ni kikaango kizuri cha chapati ukiupindua.

Chungu cha mvuvi

*Nimeuziwa bei ya kutupa chungu kikuukuu cha chuma, mwenyewe alikuwa akikitumia kuyeyushia vitu vya uvuvi. Nikikichoma moto sana kitatakasika?* (Msomaji, Kilwa Masoko)

Usikipikie. Kinachoyeyushwa kwa kazi hiyo mara nyingi ni risasi ya betri kuukuu, kwa ajili ya vizamisho vya nyavu na ndoano. Risasi ni sumu ya ubongo kwa watoto hata kwa kiasi kidogo, na moto hauitoi: unaiyeyusha ikaingia kwenye matundu ya chuma, na ukizidi, mvuke wake unauvuta wewe. Siki, stilwaya na msasa havikuhakikishii chochote. Ukiona kitako kina madoa ya kijivu yanayong'aa na yanayokwaruzika kwa kucha, umeshajibiwa, lakini hata usipoyaona uamuzi ni uleule. Tena kisikae jikoni, asije mwingine akakitumia bila kujua.

Fisi

*Kweli fisi huiba vyungu?* (Msomaji, Mwanza)

Kweli. Kinachonukia mafuta ni chakula kwake, na uzito wa kikaango haumtishi. Kambi za umma za Seronera, kule Serengeti, zina majiko yaliyozungushiwa wavu. Vyombo vilale humo, mlango ukiwa umefungwa. Pasipo na jiko la namna hiyo, vilale ndani ya gari. Visiingizwe hemani, kwa sababu fisi atafuata harufu hadi ulipolaza kichwa. Kama chungu bado ni cha moto wakati wa kulala, kiweke garini juu ya kipande cha mbao, na usikipooze kwa maji.